Nyumba Tuliyoiandika Haina Watu

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Ndiritu nje kidogo ya Kutus, kwenye shamba alilonunua alipostaafu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo ya mji wetu nilipopata kazi yangu ya kwanza, na kwa sababu hiyo mimi na wenzangu wawili wa zamani tulitoka Nyeri asubuhi, tumevaa masweta ya baridi, tukafika Kutus tukayavua kwa joto. Mazishi yalikuwa mazuri, kama mtu anaweza kusema hivyo. Kwaya iliimba, mvua ilingoja, na mwanawe wa kwanza akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti isiyotetemeka. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba baba yake aliulinda mtaa wetu wa zamani kama mboni ya jicho lake, watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa, nami nikaangalia viatu vyangu. Si kwamba nina ugomvi na marehemu. Mzee Ndiritu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa na kukiamini. Lakini nyumba ya kwanza ya mtaa ule ilipoangushwa, mimi nilikuwa mkutanoni ilipoamuliwa, na najua iliangukaje.

Baada ya jeneza kufunikwa tulipanga foleni ya chakula. Mwanamke aliyekuwa akipakua pilau, mnene, na aproni ya kijani na kitambaa kichwani, alinyanyua macho, akasimamisha mwiko hewani. "Wee! Si wewe ni Muthoni wa Kanju?" Kanju ndivyo watu wetu walivyoliita baraza la mji, na kwa muda jina hilo lilikuwa langu pia. Ilinichukua pumzi mbili kumtambua. Alikuwa Nyambura, mjukuu wa Shosho Wanjira, bibi kizee ambaye nilikula chakula cha mchana nyumbani kwake karibu kila siku ya kazi kwa nusu mwaka. Sasa ana biashara yake ya kupikia matanga na harusi. Aliniwekea vipande viwili vya nyama juu ya kile nilichostahili, akasema, "Kula kwanza. Nikimaliza kupakua tutaongea, niko na kitu nimetaka kukuuliza miaka mingi." Nilienda kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hema. Nilijua atauliza nini, na nilikuwa nimeliogopa swali hilo kwa miaka thelathini.

Mji wenyewe siutaji. Uko kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, na wenyeji watautambua bila msaada wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, niko kwenye majaribio ya kazi, yaani mwaka mzima wa kuangaliwa kama nafaa kuandikwa rasmi, na nilikuwa mwoga kiasi kwamba nilikuwa nikisema "ndiyo" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Mji huo ulikuwa na mtaa mmoja wa nyumba za mawe ya kuchonga, zilizojengwa na mafundi Wahindi kabla wazazi wetu hawajazaliwa, zote zikiwa na veranda za nguzo za mbao na mabati yaliyokuwa mekundu zamani. Baraza lilikuwa limeuweka mtaa huo chini ya ulinzi: hakuna nyumba ya pale ingebomolewa bila idhini ya kamati. Sheria ilikuwa na kipengele kingine, ambacho ndicho kisa chote. Kama ndani ya nyumba kulikuwa na watu, kamati ilipaswa kuwaita na kuwasikia kabla ya kuamua. Kama ilikuwa tupu, kamati ingeweza kuamua siku hiyohiyo, na mwenye nyumba akaendelea na mambo yake.

Mwanzoni mwa mwaka ilikuja barua kutoka Nairobi. Mwenye nyumba moja ya mtaa ule, kijana aliyeirithi kwa baba yake, aliomba ruhusa ya kuibomoa ili ajenge ghorofa. Aliandika kwamba nyumba ni mbovu na imetelekezwa. Karani mkuu alinipa tepu ya kupimia, fomu ya kurasa tatu na onyo kwamba nisirudi bila kuijaza. Nilitarajia kukuta popo. Nilikuta mlango wa bluu uko wazi, harufu ya maharagwe na moshi wa kuni, na Shosho Wanjira akipepeta mtama verandani. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, na baba wa yule kijana aliwahi kuwaambia kwa mdomo, mbele ya mashahidi ambao wote sasa walikuwa makaburini, "Kaeni hapa mpaka mchoke." Shosho alikuwa bado hajachoka. Hakuwa na karatasi yoyote. Kitu pekee kilichosimama kati yake na barabara kilikuwa ile haki ya kuitwa na kusikilizwa.

Nilipima. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka la ushonaji, na meza ndefu ya kukatia vitambaa ilikuwa imegeuka meza ya kulia, ikiwa bado na alama za chaki ambazo hakuna aliyethubutu kuzifuta. Cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa shuka. Nyuma kulikuwa na vyumba vitatu vyenye giza na baridi ya kupendeza, halafu ua wenye jiko la mabati, mti wa parachichi na kamba ya nguo. Ukutani karibu na dirisha la pili kulikuwa na ufa uliozibwa kwa magazeti. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nilimwambia kwa ujuaji wa kijana mwenye tepu. "Nimeuziba na habari za Bunge," akajibu, "na bado unapitisha upepo, kama Bunge yenyewe." Hapo ndipo nilipompenda. Nilijaza urefu, upana, aina ya paa, hali ya sakafu. Nikafika kwenye kisanduku kidogo mwishoni mwa ukurasa wa pili: idadi ya watu wanaoishi ndani.

"Na watu, Shosho? Mko wangapi hapa?"

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. "Ati wangapi? Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni fomu inauliza, Shosho. Si mimi."

"Basi ambia hiyo fomu watu hawahesabiwi. Mimi hata mbuzi sihesabu, naangalia tu naona ile haiko. Ukianza kuhesabu watoto, unaita nani akuje kuchukua mmoja?"

Nilijua. Sote wa huku tumelelewa hivyo. Kwetu ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu kwamba wapo, Mungu anawajua, na atakuangalia vibaya. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti, lakini uso uliniwaka kwa haya kama niliyekutwa nikichungulia chumba cha wazee. Ningeweza kungoja jioni nijionee nani anarudi. Ningeweza kuandika "wapo wengi". Badala yake, mbele ya macho yake, nilichora mstari mfupi wa biro katikati ya kisanduku, kumwonyesha kwamba nimesikia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa weka hiyo kalamu chini ukule."

Nilikula siku hiyo, na nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Ofisi yetu ilikuwa dakika tano kwa miguu na sikuwa na mtu mjini. Nikiketi leo jikoni mwangu mwenye kila kitu, bado nadhani sijawahi kula vizuri kama nilivyokula kwenye meza ile ya chaki: githeri ya mahindi na maharagwe iliyopondwa kidogo, mukimo wa viazi na majani ya malenge, uji wa wimbi kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Shosho hakupakua kwa kuhesabu sahani. Alipakua mpaka kila mtu akawa na sahani, na kulikuwa na kila mtu. Kulikuwa na Nyambura, aliyekuwa amemaliza shule na anajifunza kushona kwa cherehani ya babu yake, akiharibu vitambaa na kucheka. Kulikuwa na shemeji wa Shosho, mzee asiyeona vizuri, aliyelala chumba cha nyuma na kusikiliza redio bila kuizima. Kulikuwa na wajukuu wadogo waliofanana hivi kwamba mpaka leo sijui nani alikuwa nani. Mwana wa Shosho alifanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Timau na kurudi Jumamosi na mkewe. Na kulikuwa na msichana wa shule ya upili ambaye hakuna aliyenieleza alikuwa wa nani. Nikiwa nakula nilisikia maneno kutoka ua wa nyuma, Shosho na jirani yake wakilalamika juu ya nyonga, juu ya padri mpya anayehubiri kwa haraka, juu ya vijana wanaokwenda Nanyuki na kurudi na kofia. Siku moja nilimsikia akisema, "Hako kasichana ka Kanju kanakula kama kamefungiwa," na jirani akacheka, na mimi nikacheka na mdomo umejaa. Fomu nilikuwa nimeiwasilisha siku ile ya kwanza. Sikuifikiria tena.

Kamati ilikutana mwezi wa saba, wakati ambapo ukungu wa mlima hushuka mpaka madirishani na watu huingia ofisini wakinuka makoti mabichi. Kazi yangu mikutanoni ilikuwa kumimina chai na kupitisha sahani ya nduma zilizochemshwa. Wanakamati walikuwa watano, wote wenyeji, wote wana wa akina mama wasiohesabu. Mwalimu mmoja mstaafu alianza, kwa sababu alianza kila mara.

"Hii nyumba ni ya zamani kushinda sisi wote hapa," alisema. "Tukiangusha hii, mwaka ujao ni ile ingine. Mtaa ni kama sweta, ukivuta uzi moja utabaki na mikono."

"Mwalimu, hatuwezi kula mawe," akajibu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wengine wakacheka. "Angalia Karatina vile inajengwa. Sisi tutabaki tukilinda veranda?"

Walibishana kwa muda, wawili huku, wawili kule. Mzee Ndiritu aliwaacha wachoke, kisha akagonga meza kwa kidole. "Mimi shida yangu ni moja tu. Kuna watu ndani? Kama kuna watu, hii maneno inangoja, tunawaita hapa tunawasikia, na mimi nitakuwa upande ya Mwalimu. Kama ni nyumba tupu, sitapigana na mwenye mali kwa sababu ya mawe."

Karani mkuu alifunua faili. Alikuwa amepiga chapa muhtasari wa fomu zote, naye hakuwa na sababu ya kwenda kuchungulia milango ya watu. "Wakaaji, hakuna, Mwenyekiti."

"Hakuna kabisa?"

"Fomu iko na dashi. Hakuna."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la Mwalimu na birika mkononi. Jana yake tu nilikuwa nimekula maharagwe kwenye nyumba ile isiyo na watu. Nilielewa mara moja, hata kabla karani hajafunga faili, na ningependa kuwaambia wajukuu wangu kwamba sikuelewa. Mzee Ndiritu akauliza kama kuna mwenye neno. Aliuliza akizungusha macho mezani pote, na macho hayo yalinipitia, yakaendelea. Mimi sikuwa mwanakamati. Msichana wa chai hazungumzi. Karani mkuu alikuwa ameniambia hivyo wiki yangu ya kwanza, na miezi mitano ilikuwa imebaki kabla sijaandikwa kazi. Hata kama ningekuwa na ujasiri, ningesema nini? Kwamba mimi ndiye niliyechora mstari tu kwenye kisanduku, kwa sababu bibi mmoja aliniambia watu hawahesabiwi? Wangecheka, halafu wangeniuliza kwa nini sikuandika. Hayo yote yalinipitia kichwani kwa muda wa kujaza kikombe kimoja. Nilijaza kikombe cha Mwalimu. Nilijaza cha mwenye duka. Idhini ilipita kwa kura nne dhidi ya moja, na Mwalimu, aliyebaki peke yake, akaniomba sukari.

Barua ya idhini kwa mwenye nyumba niliipiga taipu mwenyewe. Ilitoa siku kumi na nne kabla ya kazi kuanza, na katika siku hizo ningeweza kutembea zile dakika tano na kumwambia Shosho apande ngazi za ofisi akiwa na nyumba yake yote nyuma yake, mpaka yule mzee wa redio. Hilo tu lingetosha. Niliacha kwenda kula. Nilijiambia kila asubuhi kwamba nitasema mchana, na kila mchana kwamba nitasema kesho. Siku ya tisa au ya kumi Nyambura alikuja ofisini na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. "Shosho anauliza kama umegonjeka," alisema. Nilimwambia kazi ni nyingi. Akaniambia nisifanye kazi mpaka nikonde, akaenda zake akiimba kwenye ngazi. Ulikuwa mukimo, bado wa moto. Niliula wote, kwenye dawati langu, nikilia, na nilipomaliza nikapangusa mdomo nikaendelea na barua za watu wengine.

Walianza na paa. Mafundi walifika Jumanne asubuhi na lori, na mwenye nyumba akiwa ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, na karatasi yetu yenye mhuri. Nilisimama mlangoni mwa bucha iliyo mkabala. Nyambura na wajukuu walibeba cherehani, wakabeba meza ya chaki kwa shida kwa sababu haikupita mlangoni, ikabidi wakate miguu. Mzee wa redio aliongozwa nje kwa mkono, akiuliza ni nani anayegonga. Shosho aliketishwa kwenye veranda ya jirani, na blanketi magotini. Hakulia wala hakulaani mtu. Aliangalia mabati yakishuka, moja baada ya jingine, na alipogeuza kichwa akaniona mlangoni mwa bucha, alininyanyulia mkono kunisalimu. Nami nikainua wangu.

Walihamia kwa kaka yake Shosho huko Kutus, upande wa mashamba ya mpunga, kwenye joto ambalo hakulizoea. Shosho hakumaliza mwaka. Habari za kifo chake nilizipata kwa mwanamke wa mboga sokoni, wiki mbili baada ya maziko, na nilipokuwa narudi ofisini nilipita penye shimo la msingi wa ghorofa, limejaa maji ya mvua. Mwezi uleule niliandikwa kazi rasmi. Nyumba za mtaa ule ziliendelea kuanguka, kama Mwalimu alivyosema. Leo zimebaki mbili, moja ikiwa ni duka la simu. Miaka ilipopita na mimi nikawa karani mkuu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta kile kisanduku kwenye fomu na kuweka mistari ya kuandika majina. Majina watu wetu huyataja bila hofu, tena kwa furaha. Kila mtu alilisifu wazo hilo. Hakuna aliyejua lilitoka wapi, nami sikumwambia yeyote, hata mume wangu.

Hema lilipoanza kupungua watu, Nyambura alikuja akipangusa mikono kwenye aproni, akaketi kwenye kiti cha jirani. Alikuwa amechoka. Aliniuliza habari za watoto, nikamjibu kwamba wapo, akatabasamu. Kisha akasema, "Wewe ndio ulikuja kupima. Si ndio? Wewe ndio uliandika hakuna mtu."

"Niliweka mstari," nilisema. "Shosho alikataa kuhesabiwa. Nikaweka mstari."

"Shosho alituambia. Hata hapa Kutus akiwa mgonjwa, brother yangu akisema atakutafuta akutandike, Shosho alikataa. Alisema hako kasichana kalilelewa vizuri, hakakutuhesabu, hao wengine ndio hawakujua kusoma. Akasema tusikuweke kwa roho."

Nilijifunika uso kwa viganja. Nadhani nililia kwa sauti, kwa sababu mtu aliyekuwa akipita aligeuka, akadhani ninamlilia Mzee Ndiritu. Nyambura alingoja. Alikuwa na subira ya mtu anayepikia wafiwa.

"Sasa mimi kitu nataka kujua," alisema, "ni hiyo siku walisoma hiyo karatasi. Ulikuwa wapi? Walikuwa wamekutuma mahali?"

Nikaona alivyonirahisishia. Alikuwa ametembea na swali hilo miaka thelathini, na jibu la kuniokoa alikuwa ameshaniandalia ndani yake. Ningeweza kusema nilitumwa Nyeri. Ningesema nilikuwa mgonjwa, na angenishika mkono.

"Nilikuwa ndani," nilisema. "Nilikuwa namimina chai. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikanyamaza."

"Na ule mukimo nilikuletea?"

"Ilikuwa baada ya hapo."

Kule mbele vijana walianza kukunja viti, na padri alikuwa akiagana na familia. Nyambura aliangalia mikono yake, iliyokunjamana kwa maji ya kuoshea vyombo, kisha akasimama.

"Hiyo ya mstari nilishakusamehe kitambo," alisema, bila hasira. "Shosho alituambia tusamehe, tukasamehe. Lakini hii ingine, Muthoni, Shosho hakujua. Sasa hii ni nani ataniambia nikusamehe?"

Mtu alimwita kutoka kwenye masufuria, akaenda. Wenzangu walikuja kuniambia gari linaondoka, nikawaambia watangulie. Nilikaa pale mpaka hema likashushwa na vyombo vyake vyote vikapakiwa. Alipopita mbele yangu na sufuria ya mwisho, niliinuka kumsaidia upande mmoja, akaihamishia mkono wa pili, akaibeba peke yake.